Konokono Mkubwa: Kwetu Jirani, kwa Wenzetu Balaa

Najua wengi wenu mnangojea habari za mpunga, na mpunga nitaufikia kabla ya kuagana. Lakini leo nataka kwanza tumzungumze mnyama mmoja mpole sana. Hana mbio, hana pembe za kumchoma mtu, wala hana sauti. Lakini umpe usiku mmoja wa mvua, asubuhi utakuta tuta zima la mchicha limebaki vijiti. Ni konokono mkubwa wa nchi kavu, yule mwenye gamba la kahawia lenye michirizi, ambaye watoto wetu hupenda kumchezea njiani.

Masika moja niliitwa na mama mmoja wa Lipangalala, hapa Ifakara. Nilipofika nikamwamkia, naye hata kabla ya kuniitikia vizuri akasema, "Bwana Shamba, njoo ujionee mwenyewe. Kuku wa jirani yangu wamenimaliza." Alikuwa na kitalu cha mchicha, figiri na miche ya mipapai, na kweli kilikuwa kimeliwa. Kumbe alikwisha gombana na jirani yake siku 3 nzima, hata maji ya kisima walikuwa hawachotei pamoja. Nikainama nikatazama. Uzio wa matete ulikuwa mzima, hapakuwa na alama ya kucha wala kinyesi cha kuku. Palikuwa na utando mkavu unaong'aa juu ya udongo na juu ya vijiti vya mchicha. Nikamwambia, "Mama, kuku hana ute."

Usiku ule, saa 3 hivi, tulirudi na tochi. Tuliokota konokono zaidi ya 40 katika matuta manne tu. Wengine walikuwa chini ya magome ya mgomba, wengine wamejibandika ukutani mwa nyumba wanalamba chokaa. Mama akashika kiuno. Akauliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, Mang'ula, Kiberege na hata ng'ambo ya mto: "Na hawa wameletwa na nani?"

Wengine husema waliletwa na treni ya TAZARA. Wengine husema wazungu wa utafiti ndio waliowamwaga. Ukweli, ndugu wakulima, ni kwamba hawakuletwa na mtu. Konokono huyu ni wa kwetu. Asili yake ni upande huu wa Afrika Mashariki, hasa pwani na nchi zinazopakana nayo. Sisi ndio wenyeji wake, na wenzetu wa mbali ndio walioletewa.

Maisha yake ni haya. Mchana hujificha penye unyevu, chini ya majani makavu, vigogo na magunia. Usiku, au mchana wa mvua, hutoka kula. Hupenda vitu vinavyooza, na kwa hilo ana faida yake shambani, maana husaidia kusaga takataka ziwe mbolea. Lakini miche michanga na majani laini hayaachi. Hupenda pia chokaa, kwa sababu gamba lake limejengwa kwa chokaa; ndiyo maana mnamwona ukutani. Kiangazi kikija huingia ndani ya gamba, hujifunga mlango kwa utando mkavu, hulala miezi mpaka mvua irudi. Ndipo watu husema konokono wamenyesha na mvua. Hawakunyesha, walikuwa wamelala.

Jambo la kujua sana ni uzazi wake. Kila konokono ana viungo vya kiume na vya kike pamoja. Wakikutana wawili, wote wawili wanaweza kutaga. Tena mmoja akikwisha pandwa huweza kuhifadhi mbegu mwilini na kutaga baadaye akiwa peke yake kabisa. Kwa mtago mmoja hutaga mayai 100, 200, na mkubwa hata zaidi, na kwa mwaka hutaga mara kadhaa. Mayai ni madogo, meupe yenye umanjano kidogo, ukubwa wa punje ya mtama, na hufukiwa kwenye udongo laini. Udongo laini ni upi? Ni ule wa kitalu chako uliouchambua vizuri kwa mikono yako mwenyewe.

Sasa mtu atauliza, kama hutaga hivyo, mbona bonde la Kilombero halijajaa konokono mpaka juu ya mapaa? Jibu ni kwamba hapa kwao ana maadui wanaomfahamu tangu zamani. Panya humla. Nguchiro na fungo humla, na kenge naye. Siafu wakipita hawamwachi. Wapo mbawakawa wakubwa weusi ambao kazi yao ni kuingiza kichwa ndani ya gamba na kumla akiwa hai. Watoto wa kimulimuli, kabla hawajaota mbawa, nao huwinda konokono. Tena wapo konokono wadogo wanaokula konokono wenzao. Wengi wenu mmewaona kwenye majani yaliyooza mkadhani ni watoto wa yule mkubwa. Basi mayai 200 yakitagwa, wanaofika utu uzima ni wachache.

Mwondoe mnyama huyo penye maadui zake, umpeleke kisiwa cha mbali ambako hakuna amjuaye, uone kitakachotokea. Na jambo hilo lilifanyika kweli.

Kwanza alivushwa bahari kwenda visiwa vya Bahari ya Hindi. Alifika Mauritius na Réunion, na inasimuliwa kwamba huko alitakiwa kwa supu ya wagonjwa wa kifua. Mwaka 1847 mtu mmoja aitwaye Benson alichukua konokono hao kutoka Mauritius akawafikisha Calcutta, India, wakaachiwa katika bustani. Mwaka 1900 walifika Sri Lanka. Katika miaka ya 1930 Wajapani waliwafuga kwa chakula na dawa, wakawapeleka Taiwan na katika visiwa vya Pasifiki walivyovitawala. Hawaii walifika mwaka 1936. Tahiti walifika mwaka 1967. Kila walikofika walikula mboga, miche ya mipapai, viazi vikuu, migomba michanga na maua, na hakuna aliyewazuia.

Marekani bara kuna kisa ambacho huwa nakisimulia katika mafunzo ya vijiji. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami akitokea Hawaii, mfukoni ana konokono 3. Bibi yake akawatupa bustanini. Baada ya miaka kama 7 konokono waliokusanywa walizidi 18,000, bila kuhesabu mayai. Serikali ya jimbo la Florida ilitumia karibu miaka 10 na zaidi ya dola milioni 1 kuwamaliza. Mwaka 2011 wakaonekana tena Miami. Wakapigwa vita mpaka mwaka 2021, ikatangazwa kwamba wamekwisha, na mwaka 2022 wakaonekana mahali pengine katika jimbo lile lile. Na mwanzo wote ule ulikuwa konokono watatu tu.

Lakini hasara ya mboga si kubwa kama ile iliyofuata, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu inahusu tabia yetu wote ya kutafuta dawa ya mkato.

Visiwa vya Pasifiki vilikuwa na konokono wake wa asili, wa nchi kavu, wasiopatikana penginepo duniani. Kaledonia Mpya wapo wakubwa waitwao Placostylus, wenye gamba refu kama kidole cha kati cha mtu mzima au zaidi, na wenyeji wa kisiwa kimoja huko huwala tangu zamani. Nyuzilandi wapo wakubwa wanaokula nyungunyungu. Hawaii walikuwapo aina zaidi ya 700, na wengine wazuri wa rangi, wakiishi juu ya miti bila kuharibu shamba la mtu. Visiwa vya Tahiti na Moorea vilikuwa na wale waitwao Partula, wadogo, ambao magamba yao wanawake waliyatunga shada za shingoni. Hawa hawatagi mayai 200. Partula huzaa mtoto mmoja mmoja, na wale wa miti ya Hawaii hukaa miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Uzazi wa namna hiyo uliwatosha kwa sababu hawakuwa na maadui wengi.

Wataalamu wa wakati ule, walipozidiwa na konokono wetu, walitafuta konokono mwindaji. Walichukua mmoja kutoka Florida, mwenye gamba la waridi, mwepesi kuliko konokono wengine, anayefuata njia ya ute kama mbwa anavyofuata harufu. Mwaka 1955 wakamwachia Hawaii. Mwaka 1977 wakamwachia Moorea. Hata Afrika Mashariki ilichangia: konokono mwindaji mmoja aliyepewa jina la Kibwezi, kule Kenya, alipelekwa kisiwa cha Agiguan mwaka 1950 na Hawaii mwaka 1952.

Mwindaji wa Florida alipofika alimkuta konokono wetu, mkubwa, mwenye gamba gumu. Akamkuta na Partula, mdogo na laini. Nyinyi mnadhani alichagua yupi? Kufika mwaka 1987 Partula wa Moorea walikuwa wametoweka porini karibu wote. Waliosalia ni wale waliokuwa wamechukuliwa na wataalamu kufugwa katika bustani za wanyama za London na kwingineko, na tangu mwaka 2015 wamekuwa wakirudishwa visiwani kidogo kidogo. Hawaii konokono wa mwisho wa aina moja ya miti, aliyekuwa akifugwa ndani ya chombo na kuitwa George, alikufa tarehe 1 Januari 2019. Aina yake ikaishia hapo. Konokono wetu mkubwa je? Yupo mpaka leo katika visiwa hivyo.

Mimi sisemi wataalamu wale walikuwa wajinga. Walikuwa watu wa kazi kama sisi, wakulima wanawalilia, nao wakataka kujibu upesi. Lakini walimleta mnyama ambaye hawakumchunguza atakula nini hasa akifika.

Sasa turudi Lipangalala. Mama aliniuliza kama kuna dawa ya kunyunyizia. Dawa za wadudu tunazotumia kwenye mboga hazimuui konokono, utapoteza fedha tu. Zipo dawa zake maalum za punje, lakini zinaua pia mbwa na bata, na mtoto mdogo akiziona anaweza kuzidhani ni kitu cha kula. Kwa bustani ya nyumbani mimi sizipendi. Mikono inatosha.

Fanya hivi. Jioni, tandaza gunia lililoloweshwa, au vipande vya mgomba vilivyopasuliwa, kando ya kitalu, na chini yake weka maganda ya papai. Konokono watakuja kula na kujificha humo. Alfajiri, kabla jua halijachoma, funua uokote. Usiku wa mvua toka na taa uokote tena. Fanya kila siku kwa wiki 2 hivi mfululizo. Ukiokota siku moja ukaacha, umefanya kazi bure, maana wale wadogo wanaendelea kukua. Shika kwa jani au kwa mfuko wa nailoni. Watie kwenye ndoo ya maji ya moto, au ya chumvi nyingi, wakifa uwafukie. Usimwage maji hayo ya chumvi kwenye tuta, wala usiwanyunyizie chumvi wakiwa juu ya mboga, maana utaua na mboga. Na usiwatupe hai ng'ambo ya uzio. Hiyo ni kumpelekea jirani, na kesho watarudi.

Mzunguko wa kitalu usafishe, uachwe wazi kama hatua 2, bila majani wala vigogo. Weka mstari wa majivu makavu, au wa unga wa mbao kwa wale walio karibu na viwanda vya kupasulia mbao. Konokono hapendi kutambaa juu yake. Mvua ikinyesha mstari umekufa, uweke upya. Kabla ya kusia mbegu geuza udongo, mayai yajitokeze juani yakauke, na kuku wayapate. Bata ni wazuri zaidi, wanakula konokono wadogo kwa pupa. Waingize kabla ya kusia, si baada, la sivyo utakuja kuniita tena.

Na ukinunua miche ya kakao kule Mbingu, au machipukizi ya migomba kutoka Mahenge, tazama udongo wa kwenye viriba na kwenye mizizi kabla ya kupakia. Konokono wachanga na mayai husafiri humo. Nguchiro na kenge wanaopita pembezoni mwa shamba, kama hawajaanza kuiba vifaranga vyako, waache wapite. Akitokea mtu, mgeni au mwenyeji, akasema ana konokono wa kigeni mla konokono, au anataka kununua konokono hai wa kuwasafirisha nje, msimkubalie kabla ya kuuliza kwa ofisa kilimo. Habari za visiwa mmekwisha zisikia.

Jambo moja la afya. Konokono huyu wa nchi kavu haleti kichocho. Kichocho huletwa na wale wadogo wa majini, kwenye mabwawa na mifereji. Lakini yeye naye anaweza kubeba minyoo ya panya ambayo, huko Asia na Pasifiki, imewapa watu ugonjwa mbaya wa utando wa ubongo, hasa waliokula konokono wabichi au mboga mbichi zisizooshwa. Kwa hiyo osha mikono kwa sabuni baada ya kuokota, osha mboga, na watoto waache kuwachezea na kisha kutia vidole mdomoni.

Nimefika kwenye mpunga. Hadithi ya konokono wetu kwenda kwa watu sasa ina mwenzake: konokono wa watu amekuja upande wetu. Yupo konokono wa majini kutoka Amerika ya Kusini, duara, mkubwa kama limau na wengine kama chungwa. Mnamo miaka ya 1980 alipelekwa Taiwan na Ufilipino afugwe kwa chakula. Watu hawakuipenda nyama yake, wakamtupa, akaingia mashamba ya mpunga. Mwaka 2020 aligunduliwa Mwea, Kenya, katika mashamba makubwa ya mpunga ya umwagiliaji. Kutoka Mwea mpaka hapa si mbali kwa lori wala kwa trekta lenye tope magurudumuni.

Huyu hula mche wa mpunga ulio mchanga, katika wiki 3 au 4 za kwanza. Hukata shina chini ya maji, na asubuhi unaona sehemu tupu shambani ukidhani mbegu haikuota. Ndugu zetu wa skimu za Mkula, Msolwa Ujamaa na Njage, ambao maji yao hukaa shambani, wawe macho zaidi.

Namna ya kumtambua ni mayai. Bonde letu lina konokono wake wa majini wakubwa, wa siku zote, na mmeona wenyewe yule korongo mwenye mdomo ulioachana katikati jinsi anavyowatoa magambani. Hao msiwaogope. Mayai yao ni meupe, au yamo ndani ya ute unaong'aa kama kioo. Mayai ya mgeni ni ya rangi ya waridi iliyokolea, yameshikamana kama kishada kidogo, yamebandikwa juu ya maji kwenye shina la mpunga, kwenye jani la tete au kwenye ukuta wa mfereji. Rangi ile huwezi kuikosea hata ukiwa mbali.

Ukiyaona, usiyapuuze na usiyabebe kuwaonyesha wenzio kijijini. Kwangua kwa kijiti, yaponde, au yasukume majini, maana yakizama hayaanguliwi vizuri. Usiyashike kwa mkono mtupu, yana sumu. Okota konokono wote unaowaona, waue papo hapo. Punguza maji shambani yabaki tope tu, kwa sababu penye maji haba hawezi kutembea na kula. Mdomo wa mfereji weka wavu. Mmoja aliyekufa mtie kwenye chupa, andika siku na jina la shamba, umpelekee ofisa kilimo wa kata, au mlete hapa Ifakara kwenye kituo cha utafiti, ambacho wengi wenu bado mnakiita KATRIN ingawa siku hizi kimo chini ya TARI. Lete hata kama huna hakika. Afadhali tupokee chupa 10 za konokono wa kwetu kuliko kukosa moja ya mgeni.

Na yule mama wa Lipangalala? Baada ya wiki 2 za kuokota alipata mchicha wake. Nilipopita kumwona nilikuta bata 5 wanachakura kwenye matuta yaliyovunwa. Nikamwuliza amewanunua wapi. Akacheka, akaelekeza kidole kwa jirani. "Nimewaazima," akasema, "lakini kwanza nilikwenda kuomba radhi kwa habari ya kuku."

Wiki ijayo tutazungumza namna ya kuchagua mbegu ya mpunga wakati wa mavuno. Nawatakia kazi njema.